Dawa ya Kikojozi

Mdogo wangu Gwamaka alikuwa akivaa tai kwenda Momba, kwenye vumbi na ng'ombe, na mimi nilimcheka kila mara. Nilimwambia, "Kule watadhani umekata kamba, wakurudishe zizini." Naye alicheka, akakaza tai, akapiga kiki pikipiki. Hicho ndicho nilichompendea: ukimtania hanuni.

Mimi ni Tusekile. Nauza chai na chapati kwa madereva wa malori hapa Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde. Malori yakikwama, mimi nakula. Yakipita haraka, nafunga mkanda. Kwa hiyo kazi isiyo na uhakika naijua, wala si mtu wa kumdharau anayehangaika. Lakini kazi ya Gwamaka ilinikera tangu mwanzo, nasema wazi. Alisomea famasia, na cheti chake kilikula miti yote ya baba kule Ileje, mlima mzima ukabaki visiki. Halafu ajira hakuna. Mwishowe kampuni moja ya dawa ikamchukua kwa mkataba wa siku tatu kwa wiki, mwakilishi wa mauzo. Siku nne zilizobaki hakuwa mtu wao, ila simu yao iliita siku zote saba. Pikipiki yake, mafuta yake, mgongo wake. Bima hakuna. Kila baada ya miezi michache mkataba unakwisha, anakaa roho juu kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Bosi wake aliitwa Wilbard, meneja wa kanda, anakaa Mbeya. Huyo alikuwa na maneno yale yale: "Kaza, kijana. Mwakani tunakupa ajira ya kudumu na gari." Hiyo mwakani sisi hatukuiona.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka maduka ya dawa ya mkoa wetu, kuwashawishi wenye maduka wanunue bidhaa za kampuni. Kila duka anapiga picha na kuituma, ili Wilbard ajue kweli amefika. Hospitali na maduka makubwa ya Vwawa na barabara kuu yalikuwa na watu wao wa kudumu, wenye magari yenye kiyoyozi. Gwamaka alipewa makombo: kule bondeni, kuelekea Ivuna, ambako gari likishuka zima linapanda na springi mkononi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nilimwambia siku moja. "Hizo dawa zenu zinatembezwa sana."

"Dada, ningekuwa kizuri na mimi ningekuwa nimeshaajiriwa," akanijibu. Tukacheka sote wawili.

Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua na watoto kuanza kukohoa, wakamletea sirapu mpya. Iliitwa Tulizo. Nyekundu, tamu, inanukia pipi. Ilitoka nje ya nchi kwenye chupa kubwa za lita, za kuuzia hospitali, lakini hospitali hazikuitaka, kwa hiyo Wilbard akasema isukumwe vijijini. Sasa nani Ivuna atanunua lita nzima ya dawa ya kikohozi? Hapo ikaingia akili ya kwetu. Kwetu kila kitu kinapimwa. Mafuta ya kula unapima, mafuta ya taa unapima, asali unapima. Unakwenda na chupa yako ya soda, unarudi na kiasi unachokiweza. Basi na Tulizo ikapimwa. Conjesta, mama mwenye duka la dawa kule Ivuna, ndiye aliyeanza, na baada yake wengine wa bondeni wakamwiga. Kampuni iliposikia haikukasirika hata kidogo. Ilituma katoni ya vikombe vya kupimia vyenye nembo yake. Gwamaka aliniletea kimoja, nikawa napimia sukari ya chai.

Sasa mjue na mzee Ndalahwa. Huyu ni Msukuma, mfugaji, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akalima, akajenga, akazeekea huko huko. Mimi sikuwahi kuonana naye. Haya yote Gwamaka ndiye aliyenisimulia. Mzee alikuwa akimlea mjukuu wake, Amoni, mtoto wa kama miaka sita, ambaye mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Amoni alikuwa kikojozi. Kila asubuhi godoro lake juani, na watoto wenzake wanamwimbia. Bibi yake alijaribu yote, hata kumfunga chura kiunoni kama wanavyofanya watu. Chura akafa, mtoto akaendelea kukojoa.

Siku hiyo Gwamaka alikuwa dukani kwa Conjesta, akipiga picha zake za kazi, Ndalahwa akaingia na fimbo yake na kofia yake pana, mtoto nyuma yake.

"Huyu ndiye dokta mwenye ile dawa nyekundu?" akauliza. Kule bondeni ukiwa na tai na begi wewe ni dokta, usibishe.

"Ndiye huyu," Conjesta akasema.

"Wabeja sana, dokta. Wabeja sana." Mzee alishukuru kwa Kisukuma, akamshika Gwamaka mkono kwa mikono miwili. "Huyu mjukuu wangu tulimpimia dawa yako kwa ajili ya kifua. Sasa kitandani hakojoi tena. Kukavu. Kukavu kabisa! Bibi yake analigusa godoro kila asubuhi haamini."

Amoni alijificha nyuma ya fimbo ya babu yake, akitabasamu kwa aibu na kujisikia. Gwamaka alisema hakuwahi kuona mtoto anayejivunia kitu kiasi kile.

"Mzee, hii ni ya kikohozi tu," Gwamaka akasema.

"Wewe unasema ya kikohozi. Mimi nasema nilichokiona."

Nawauliza nyinyi: mtu aliyesomea famasia asijiulize hapo? Sirapu ya kikohozi inamkaushaje mtoto mkojo? Nilimuuliza hivyo baadaye, tena kwa ukali, na jibu lake sitalisahau. Alisema, "Dada, ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi na sikuwa nimefikia malengo. Nilisikia sifa, sikusikia ugonjwa." Akatoa simu, akamwomba mzee arudie mbele ya kamera.

Mzee akasimama vizuri, akashusha kofia, akaipandisha tena. "Mimi Ndalahwa wa Ivuna. Nina ng'ombe, siongopi. Dawa hii imemwachisha mjukuu wangu kukojoa kitandani. Mwenye kikojozi nyumbani, aipime." Halafu akamsogeza Amoni mbele, naye akainua kikombe cha kupimia, kile chenye nembo.

Wilbard alipoiona video hiyo aliipenda kuliko kitu chochote ambacho Gwamaka aliwahi kumtumia. "Hiyo ndiyo kazi! Isambaze, kijana. Huyu mzee anauza kuliko nyinyi wote." Na ikasambaa kweli. Minadani, makanisani, kwenye magrupu ya wafugaji, Zambia ng'ambo. Dereva mmoja Mbemba wa huko Zambia alinionyesha hapa hapa kwenye benchi langu, akicheka, na mimi mjinga nikajitapa: "Aliyeipiga ni mdogo wangu wa tumbo moja." Akina mama wakaanza kuteremka kutoka vijiji vya mbali na chupa zao za soda, kuipimia watoto ambao hata kikohozi hawakuwa nacho. Conjesta akaagiza tena na tena.

Jumamosi moja, siku ambayo kampuni haikumlipa, Gwamaka alikuwa ananisaidia kukanda unga. Simu ikaita. Mikono yake ilikuwa na unga, akaniambia nibonyeze sauti kubwa. Ndiyo maana nilimsikia Wilbard kwa masikio yangu.

"Kijana, kuna tatizo dogo kwenye toleo moja la Tulizo. Lile lile mlilonalo huko. Nenda kusanya chupa zote, piga picha lebo zote, nitumie. Kimya kimya, usizue taharuki. Mamlaka tutawaarifu sisi wenyewe, kwa utaratibu."

"Tatizo gani, bosi?"

"Huko nje kuna watoto wameumwa. Wanasema ni figo. Mtoto anaacha kukojoa, anavimba, basi. Lakini ni huko, hapa kwetu hakuna taarifa yoyote."

Gwamaka aliacha kukanda. Vidole vyake vilibaki ndani ya unga.

"Bosi," akasema, "ile video."

Nilisikia gari likipiga honi upande wa Wilbard. Kisha akasema, "Hiyo video ifute."

Simu ikakatika. Nilimtazama mdogo wangu, na uso wake ulikuwa umebadilika, nikaogopa. "Dada," akasema, "Amoni hakojoi." Hakunawa mikono. Alipanda pikipiki na unga wake, bila tai, akaondoka.

Njia ya Ivuna inaanza na baridi ya huku juu, ukishuka mlima joto linakupokea kama umefungua chungu. Alifika mchana, na bahati Conjesta alikuwepo. Alipomwambia anakusanya Tulizo yote, Conjesta hakuuliza mengi. Ni mama wa mpangilio. Aliingia stoo, akatoa katoni, akazipanga chupa zote kwenye kaunta, lebo zinatazama mbele. Mbili zilikuwa na dawa. Zilizobaki zilikuwa tupu, zimeoshwa, zimekaushwa. Alikuwa anazitunza awauzie watu wa samli. Gwamaka akapiga picha, akasogea hadi kwenye kichuguu ambako mtandao unashika, akatuma. Wilbard akapiga simu hapo hapo.

"Safi sana! Hakuna hata lebo moja iliyopotea. Kijana, wewe ndiye wa kwanza kanda nzima. Jumatatu napeleka jina lako makao makuu, mkataba wa kudumu. Choma hizo chupa, rudi nyumbani upumzike."

"Bosi, chupa ni tupu. Dawa imepimwa. Iko majumbani kwenye chupa za soda."

"Mimi nimeona lebo zote."

"Nakwambia dawa iko majumbani. Kuna watoto."

"Gwamaka." Alimwita jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kampuni inafuatilia chupa zake. Chupa za soda si zetu. Ukianza kutangaza huko, utajibu peke yako, na mkataba wako haukuruhusu kusema na watu kwa niaba yetu. Rudi nyumbani."

Hasira niliyonayo juu ya maneno hayo, sijui nitaiweka wapi. Chupa za soda si zetu! Vikombe vya kupimia vilikuwa vya nani?

Gwamaka alirudi dukani akamweleza Conjesta yote, bila kuficha. Yule mama alikaa chini sakafuni. "Watanichomea duka," akasema. "Watanichoma na mimi. Nimempimia kila mtu, Gwamaka, nimewapimia hata wajukuu zangu." Alilia. Kisha, na hili nampa heshima yake, akafunga duka, akajitanda kanga, akaenda mnadani kwa wenye spika akawaambia watangaze: mwenye dawa nyekundu aimwage, mwenye mtoto asiyekojoa ampeleke kituo cha afya. Gwamaka yeye akaelekea kwa Ndalahwa.

Alivyofika walimpokea kama mgeni wa harusi. Bibi alitandika mkeka, akaleta maziwa ya mgando. Ndalahwa akatoka nje mikono imenyooshwa, akimsalimia kwa Kisukuma. "Dokta! Mwadila! Umekuja kumwona mgonjwa wako aliyepona!"

"Yuko wapi Amoni?"

Alikuwa amekaa kivulini kando ya ghala. Hakuinuka. Uso wake ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, mashavu yanang'aa.

"Umemwona alivyonawiri?" bibi akasema. "Alikuwa mifupa mitupu. Sasa tazama mashavu. Ila amekuwa mvivu kidogo, na chakula anatapika, nadhani ni minyoo."

Chupa ya soda ilining'inia kwenye nguzo ya ghala, imebaki robo, nyekundu. Na godoro lilikuwa ndani, kitandani, mahali pake. Bibi alimvuta Gwamaka mkono akalishike, ajionee lilivyo kavu. Akalishika. Alishindwa kukataa.

Alipotoka akawaambia. Aliwaambia dawa ina sumu, inaua figo, mtoto hakupona, mtoto amezibwa, na uvimbe ule si unene. Aliwaambia lazima waondoke sasa hivi. Bibi akamtazama mumewe, mumewe akamtazama Gwamaka.

"Dokta, umekunywa pombe?" mzee akauliza, kwa upole.

"Sijanywa, babu. Nakuomba twende."

"Wamesikia inafanya kazi," bibi akamwambia mumewe. "Sasa wanataka kuirudisha waiuze ghali. Usimpe chupa."

"Lakini ni wewe mwenyewe," Ndalahwa akasema. "Wewe mwenyewe ulinipiga picha. Ulisema nisimame vizuri, niseme. Nikasema. Watu wamenipigia simu mpaka kutoka Usukumani, wananiuliza, nami nawaambia ni kweli. Leo unakuja kuniambia nimesema uongo?"

Gwamaka alipiga magoti. Mdogo wangu, ambaye hata kanisani anakaa nyuma, alipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi. "Wewe hukusema uongo, babu. Mimi ndiye nilikosea. Mwambie akojoe. Mwambie akojoe mbele yetu, akikojoa nitaondoka na hutaniona tena."

Mzee akafikiri. Akamwita mtoto. Amoni akainuka taratibu, akashika ukuta wa ghala, akaenda hadi kwenye ua wa miba. Akasimama pale na kaptula yake ameishusha. Wakamngoja. Ng'ombe walikuwa wanalia kuomba maji. Wakazidi kumngoja. Mtoto alikuwa anajikaza, shingo imetoka mishipa, halafu akageuka na machozi, akiogopa kwamba amewaangusha.

"Sina, babu," akasema. "Sina mkojo. Nimepona."

Hapo Ndalahwa aliacha fimbo yake ikaanguka. Aliingia ndani akatoka na shuka, akamfunga mtoto, akamwambia Gwamaka, "Washa."

Kituo cha afya walikuta muuguzi mmoja wa zamu, dada anaitwa Enesi. Alimbonyeza mtoto miguu, shimo likabaki. Alimtazama Gwamaka alipomtajia dawa, hakumlaumu, hakukuwa na nafasi ya lawama. Akamchoma sindano ya kumsaidia kutoa mkojo. "Hapa sina zaidi," akasema. "Huyu ni wa mashine ya kusafisha damu. Pitieni Vwawa wampe rufaa ya Mbeya. Gari letu limeondoka na mama mwenye uchungu, na sijui litarudi saa ngapi. Kama pikipiki yako ni nzima, msilisubiri."

Wakaondoka. Gwamaka mbele, Amoni katikati, Ndalahwa nyuma amemzungushia mtoto mikono na kumbana kwenye mgongo wa Gwamaka. Jua lilikuwa linaelekea magharibi, likiwapiga ubavuni. Mzee alikuwa anaongea njia nzima. Anamwambia Amoni habari za ndama aliyezaliwa, kwamba atakuwa wake, kwamba atamchagulia jina. Mwanzoni Amoni alijibu. Alisema ataitwa Tulizo. Gwamaka aliniambia hapo alitamani pikipiki imwangukie.

Wakaanza kupanda mlima. Kuna sehemu barabara imeliwa na mvua, unaendesha miguu ikiburuta chini, mawe yanarukaruka. Hapo hapo Gwamaka akahisi joto mgongoni. Likateremka kiunoni, likalowesha shati, likaingia suruali.

"Amekojoa!" Ndalahwa akapiga kelele. "Dokta! Amekojoa! Sindano imefanya kazi!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja, anampigapiga mtoto mgongoni. "Kojoa, baba. Kojoa unavyotaka. Tukifika nyumbani kojoa hata kitanda changu. Hakuna atakayekuimbia tena, nitawachapa wote. Kojoa!"

Na Gwamaka naye alipiga kelele ya furaha. Aliniapia kwamba kwa kitambo kile hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani, na mkojo wa mtoto wa watu unamshuka miguuni. Akasimamisha pikipiki amtazame. Alipopunguza mwendo, kichwa cha Amoni kikalala begani kwake, kizito, kikateleza upande. Akajua. Mwili ukiachia, unaachia vyote. Alisoma hivyo, na safari hii alisikia.

Nyuma yake mzee bado alikuwa anasema kojoa, kojoa. Ikabidi Gwamaka ageuke amwambie.

Walikaa kando ya barabara. Malori ya chumvi yalipita mawili, yakapunguza mwendo, yakaona watu wanalia, yakaendelea. Ndalahwa alimfunika mtoto uso, akamfunua, akamfunika tena. Hakumpiga Gwamaka. Gwamaka alisema alitamani apigwe. Juu ya mlima pale mtandao unashika, na simu ilianza kupiga kengele mfululizo mfukoni, ujumbe wa kutwa nzima ukiingia kwa pamoja. Grupu la kazi. Picha ya chupa za Conjesta zimejipanga, na chini yake wenzake wanampigia makofi. Wilbard ameandika: Mfano wa kuigwa.

"Hiyo ndiyo simu uliyonipigia picha?" mzee akauliza.

"Ndiyo, babu."

"Ile picha yangu, umeiondoa?"

"Niliifuta kwangu. Lakini iko kwa watu. Siwezi kuitoa kwa watu."

Ndalahwa akasimama, akavaa kofia yake vizuri, akamweka mjukuu wake mikononi ndani ya shuka, uso wazi.

"Nipige tena," akasema.

Mimi nilikuwa nimefunga biashara, nakusanya masufuria, simu yangu ikalia. Nilidhani Gwamaka ananiambia anarudi. Nikafungua, nikaona kofia ile ile, ndevu zile zile, nyuma yake mawe ya mlimani na jua la jioni. Kwanza nikaona sura ya mtoto, nikadhani amelala. Kisha nikaona kivuli cha Gwamaka mbele ya mzee, na jinsi picha ilivyotikisika, nikaelewa. Nilikaa kwenye benchi la madereva nikalia kwa sauti, na dereva mmoja aliyekuwa anangoja chapati za kesho akaja kuchungulia begani kwangu.

Gwamaka aliituma video hiyo kwa kila mtu aliyewahi kumtumia ile ya kwanza. Aliituma kwenye grupu la kazi pia. Wilbard alipiga simu hadi betri ikaisha, na mkataba wa kudumu sijausikia tena, wala wa siku tatu. Mwanasheria wa kampuni alipiga akasema Gwamaka alivunja masharti ya usiri. Kile kikombe chao nilikitupa kwenye moto wa chapati, kikanuka asubuhi nzima. Kutoka vijiji vya bondeni walipanda watoto wengine, wamebebwa, wamevimba. Wengine waliwahi mashine. Wengine hawakuwahi, na sisemi zaidi ya hapo kwa sababu mama zao wapo.

Ila ile video ninayo. Huwa naiangalia nikimkasirikia mdogo wangu, na huwa naiangalia nikimhurumia. Mzee anashusha kofia, anaipandisha. Anamtazama mtoto kwanza, kisha kamera.

"Mimi Ndalahwa wa Ivuna," anasema. "Nina ng'ombe, siongopi. Mwanzo niliwaambia mpime. Huyu hapa. Mwageni."